Ufito Usio na Mwanzo

...lakini nyekundu hakuichagua yeye, ni jedwali lenyewe, Mi-ran aliandika tu jina kwenye mstari mpya, Kumuaga Bibi Bun-rye, chini ya mistari ya video za mwezi wa nane na wa tisa, akaweka tarehe ya kumalizia, akabonyeza, na chati pembeni ikamwaga ufito mwekundu kutoka ukingo hadi ukingo, jina nalo jekundu, na jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa wino mwekundu, hilo hata mtoto anayeanza shule analijua, ni sawa na kumwita kaburini, na yeye ni shemasi, kila alfajiri anashika Biblia kabla ya kushika kipanya cha kompyuta, amewaambia akina mama wa kanisani kwa mdomo huu huu kwamba rangi haina nguvu juu ya damu ya Mwokozi, na bado mkono umekimbilia kubadilisha, kijani, hapana, kijani kinachekelea, bluu, ee Bwana nisamehe, mtumishi wako anaogopa rangi... “Shemasi, unaomba au unafanya kazi?” Ni Meneja Pyo, amesimama nyuma ya kiti chake anatafuna pichi, maji ya tunda yanamchuruzika hadi kwenye saa ya mkononi, “Huo ufito umekula chati nzima, angalia, Chuseok yetu, sikukuu nzima ya mavuno, imebaki uzi,” na kweli, fito nyingine zote, video za kukausha pilipili, picha za mitungi mipya, punguzo la zawadi za sikukuu, zimebanwa kulia kabisa kama nywele zilizonasa mlangoni, na Seol mpiga video anacheka kule kwenye kona yake, anafuta lenzi, “Mwache dada wa watu, Meneja, Bibi hata kwenye jedwali hapishi mtu,” na wote watatu wanacheka, halafu kicheko kinakatika ghafla, kila mmoja anamezea chake, kwa sababu Bibi hajafa, yuko hospitalini ng'ambo ya mto, amelala, anapumua. Kosa Mi-ran analijua, alifundishwa kwenye kozi ya bure ya wilaya, kijisanduku cha tarehe ya kuanzia kikiachwa kitupu mashine inakisoma sifuri, na sifuri ya mashine ni mwaka elfu moja mia tisa, kwa hiyo ufito unaanzia huko, kabla Bibi hajazaliwa, kabla mama yake Bibi hajaposwa, unakuja mpaka mwezi wa tisa, dawa yake ni ndogo, andika tarehe, basi, lakini tarehe gani, tarehe ya nini, anayeijua ni mmoja tu na hajamwambia mtu... “Weka yoyote,” Meneja anasema, “tutaisogeza, daktari ameshasema hapa ni kungoja tu, mimi nataka kila kitu kiwe tayari, picha, maneno, ule muziki wa filimbi, na kumuaga kuishe kabla zawadi za Chuseok hazijaingia sokoni, watu hawawezi kulia na kununua mtungi wa pilipili kwa mpigo,” anaongea haraka, hivyo ndivyo anavyoongea akiwa na hofu, si mtu mbaya, Bibi ndiye aliyemlea, ndiye uso wa kila mtungi unaotoka hapa, ndiye anayewafokea watazamaji kwenye video, mnatazama nini, njooni mshike mwiko, na tangu apelekwe hospitalini mjukuu huyu hajavuka mto, leo kuna mzigo, kesho kuna mkaguzi, nitakwenda muda ukifika, Shemasi, nitakwenda... muda ukifika, na Mi-ran yuko kwenye kibodi, vidole vimeshaandika bila kumuuliza, ishirini na nane mwezi wa nane, na chati inatii, ufito unanywea, unakuwa kipande kifupi cha bluu chenye adabu, Chuseok inapata nafasi yake, kila kitu kimekaa, “Ndiyo hivyo!” anasema Meneja, “Umeona? Dakika moja,” na Mi-ran anaitazama ile tarehe, anaisoma tena, kwa kuwa ishirini na nane mwezi wa nane si yoyote, ni siku ya mama, vidole vimekwenda vyenyewe kwenye siku aliyokufa mama, mama akinuka dawa na nguo za katani, mama akisema kwenye simu, basi utakuja lini, naye akisema, mama, nikimaliza kupanga hizi video, hali ikibadilika wataniita, na hali ilipobadilika waliita, na alipofika walikuwa wameshaizima ile mashine ya kupumulia na kulikunja shuka vizuri, vizuri mno... na pichi hii ya Meneja haifai hapa, mama hakuwahi kuweka pichi kwenye meza ya kuwaandalia wafu chakula, alisema harufu yake inafukuza roho, wanaopenda kurudi hawawezi kuingia, na hapa ofisini inanukia pichi tupu, na bado mama ameingia, ameketi hapo karibu na mashine ya kuchapisha, mapajani ana kitambaa cha katani, anashona sanda yake mwenyewe kama alivyoishona ule mwezi wa ziada, ule unaochomekwa kwenye kalenda inayofuata mwezi wa angani mwaka usipotimia, mwezi usio wa mwaka wowote, wazee wanasema roho hazina habari nao, ukishona sanda ndani yake unaishi sana, na Mi-ran alimkemea, Bwana anajua alivyomkemea, mama, sisi ni watu wa kanisa, huu ni ushirikina, unajitafutia kifo, na mama hakuinua hata macho, akakata uzi kwa meno, akasema, “Kifo sikitafuti, mwanangu, nakitayarishia chumba, siku ya kuja siijui, wala sitaki kuijua, ndiyo maana nashona mwezi ambao hauna siku,” akamwita akae, “Njoo unishikie upande huu, tuongee,” na Mi-ran hakukaa, alikuwa na sufuria jikoni, sufuria gani, supu gani ile, hata haikumbuki, anakumbuka mkono wa mama ukipapasa mkeka, hapa, kaa hapa, na miaka yote aliyopewa mama baada ya ile sanda yeye aliihesabu kuwa muda wa kungoja, akingoja hospitali ipige simu imwambie sasa, sasa ndiyo unaanza kumuaga, kana kwamba kuaga kuna kijisanduku cha kuanzia na mtu fulani atakijaza, na kumbe mama alianza pale mkekani, labda kabla ya pale, labda siku ya kwanza aliyomfunga mgongoni, alikuwa anamuaga na yeye hakuitikia... “Shemasi, hifadhi basi, tuendelee na mstari wa pili,” anasema Meneja, sauti iko mbali kama inatoka mtungini, na kidole cha Mi-ran kinakwenda kwenye ile tarehe, si kidole cha hofu tena, kinaifuta, na ufito unaruka nyuma, karne na zaidi, unakula chati nzima, na anaurudishia wekundu wake, na Chuseok inakuwa uzi, na ni kweli, Baba wa mbinguni, mashine ya kijinga imesema kweli kuliko mimi, sisi sote hapa, mitungi, punguzo, mishahara, ni uzi mwembamba kwenye mkia wa yule mwanamke, na huko nyuma kwake hakuna aliyeandika mwanzo... “Ala! Umefuta tena!” “Nimefuta, Meneja.” “Sasa kumuaga kunaanza lini?” na kokwa la pichi limekwama shavuni mwake, macho yake ni ya yule mvulana ambaye Bibi alikuwa akimpangusa kamasi kwa aproni, na Mi-ran anaona kwamba hataki tarehe, anataka mtu amwambie “bado”, na “bado” ndilo neno ambalo yeye mwenyewe alikuwa akimpa mama, kwa hiyo hampi, anaiacha mikono mapajani, wazi, “Kumeshaanza, mwanangu,” anamwambia, na hajawahi kumwita hivyo, “kumeshaanza zamani, wewe tu ndiye hujafika,” na Seol ameacha kufuta lenzi, na nyenje wanalia nje juu ya mitungi, na kwenye kijisanduku kitupu kale kamstari ka kuandikia kanawaka, kanazima, kanawaka, kanangoja.