Familia za Shule ya Mnara

Kila Jumapili jioni Nereida Polanco alijifungia bafuni, akaketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea, akajichoma. Hakutumia sindano. Alitumia simu. Barua ilianza daima kwa maneno yaleyale, "Wapendwa familia za Shule ya Mnara," na hapo tu moyo ulikuwa umeshaanza kumwasha kama jicho lililoguswa kwa mkono wa pilipili. Lakini hakuacha. Alisoma mstari kwa mstari, mpaka mwisho, habari za shule ambako mtoto wake hasomi.

Alhamisi watoto waje na nguo za kulalia, ni siku ya kusoma vitabu. Chupa za maji zilizosahauliwa zimo kwenye sanduku karibu na ofisi. Tafadhalini njooni mzichukue, zimeanza kunuka. Darasa la sita wanaendelea vizuri na fidla zao, tamasha ni mwezi wa nne. Hongera kwa Dariela wa darasa la sita, ambaye bango lake la tamasha ndilo lililochaguliwa.

Dariela alikuwa binti wa Yudelka, na Yudelka alikuwa mdogo wake Nereida, toka nitoke.

Shule ya Mnara ilikuwa ndani ya kiwanda cha zamani cha nguo, kando ya mto, chini ya mnara wa saa ambao mji mzima wa Lawrence uliutazama ukitaka kujua umechelewa kiasi gani. Ilikuwa shule ya umma isiyo na ada, yenye madarasa madogo na fidla kwa kila mtoto, na kwa hiyo wenye kuitaka walikuwa wengi kuliko viti. Majina yalichaguliwa kwa kura. Nereida ndiye aliyeigundua. Alikwenda kuitembelea, akauliza maswali, akajaza maombi ya binti yake Massiel, wa darasa moja na Dariela, wiki ya kwanza kabisa. Kisha, mezani, kwa wema tu, akamtajia mdogo wake, kama mtu anavyompitishia mwenzake chumvi. Yudelka alijaza siku ya mwisho, simu mkono mmoja, mashine ya kukaushia nywele mkono wa pili, kichwa cha mteja katikati.

Siku ya kura Dariela aliitwa mapema. Massiel hakuitwa. Aliwekwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri, na watu wakampongeza mama yake, kana kwamba kuna raha ya kuwa wa kwanza mlangoni karamu ikiliwa ndani.

"Usijali, dada," Yudelka alimwambia siku ile, akimkumbatia, akilia kwa furaha yake mwenyewe. "Na Massiel wetu ataingia tu. Utaona."

Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, ndivyo wasemavyo. Nereida aliilalia. Vuli ilipoingia, barua za Jumapili zikaanza kumfikia, naye akajua sababu bila kuuliza: shule ilikuwa na anwani yake tangu siku ya maombi, na mtu fulani ofisini alisahau kuifuta. Chini ya kila barua palikuwa na mahali pa kubonyeza ili zisije tena. Hakubonyeza. Hakumwambia mtu. Mwenye jino bovu haachi kuligusa kwa ulimi.

Jumapili hiyo Kwaresima ilikuwa imefika katikati, na jikoni sufuria ya marehemu mama yao ilikuwa motoni na maharage ya msimu, yale matamu, ya tui la nazi na viazi vitamu na zabibu kavu. Mkubwa wa ukoo ndiye hupika, na kila nyumba hupelekewa bakuli lake. Ukimruka mtu, umemtangazia ugomvi hadi Pasaka. Nereida alipunguza moto, akaingia bafuni, akafunga mlango.

Chini kabisa, baada ya habari za chupa, palikuwa na tangazo lililostahili kuwa juu. Kila familia ithibitishe kwamba mtoto wake atarudi mwaka ujao. Mwisho ni Alhamisi saa kumi jioni. Nafasi isiyothibitishwa itapewa mtoto wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri.

Alilisoma tena. Mtoto wa kwanza kwenye orodha alikuwa chumba cha pili, akipitisha rula juu ya mkono wake wa kushoto, polepole, kidevu kikiwa kimeinama, kama alivyomwona binamu yake akifanya kwa fidla ya kweli.

Na Yudelka hasomi. Hilo lilijulikana. Barua zilijazana ndani ya simu ya Yudelka kama nguo chafu, naye alipitia juu yake akicheka. Angeipoteza nafasi kama alivyopoteza funguo, miavuli na waume.

Sitafanya kitu, Nereida alijiambia. Uzuri wa jambo lenyewe ulikuwa hapo. Hataiba, hatadanganya, hatamsengenya mtu. Atanyamaza tu, na kunyamaza hakujawahi kumpeleka mtu mahakamani. Alirudi jikoni akakoroga maharage, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana akajikuta anaimba.

Jumatano alimpeleka Massiel saluni kwa mama yake mdogo kutengenezwa nywele. Dariela alikuwa kwenye kiti cha wateja, anakula viazi vya kukaanga vya paketi. Mkoba wa fidla ulikuwa sakafuni, na juu yake mtu ameweka kikapu cha rola.

"Nibariki, mama mkubwa," Dariela alisema.

"Mungu akubariki."

"Dada, mbona uso umeukunja hivyo?" Yudelka alimtazama kwenye kioo. "Njoo nikunyooshe wewe kwanza, nywele zitafuata."

Wateja walicheka. Kila mtu alicheka alipokuwapo Yudelka, hata bili ya umeme nadhani ingecheka. Nereida alitabasamu kwa midomo peke yake.

"Umesoma habari za shule wiki hii?" aliuliza. Alitaka kusikia tu. Mtu akichimba shimo hupenda kulichungulia.

"Habari gani?"

"Nauliza tu."

"Aa, wale! Wanaandika kama wanashindana. Mara chupa, mara nguo za kulalia. Nisome saa ngapi mimi, nikiwa na kichwa cha mtu mkononi?"

Neno lilifika kwenye ulimi wa Nereida. Lilifika kweli, lisingekuwa zito kulitoa. Lakini Dariela alikuwa ameondoa kikapu cha rola na kufungua mkoba. "Chukua basi, Massiel, piga," alisema. "Mimi inanichosha kidevu."

Massiel alifuta mikono yake kwenye sketi kwanza, mbele na nyuma. Kisha akaishika. Hakujua wimbo wowote, alipiga uzi mmoja tu, sauti ndefu, iliyonyooka, na bibi mmoja akainua kofia ya mashine kichwani mwake ili asikie. Dariela akaingiza mkono ndani ya paketi ya viazi kutafuta chembe za mwisho.

Basi neno likarudi lilikotoka.

Alhamisi Nereida alibeba bakuli la maharage mpaka saluni. Alijiambia kwamba ni leo kwa sababu leo ndiyo ametoka kazini mapema, na hilo lilikuwa kweli. Lakini alikuwa amepeleka mabakuli mengine yote Jumatatu, hili moja akaliacha kwenye jokofu mpaka saa tisa ya siku ya mwisho. Alitaka kuwapo. Alitaka kuketi pale, karibu na mdogo wake, na kuuona mshale wa saa ukipita.

Yudelka alikuwa anampaka rangi yule bibi wa jana, ambaye alikuwa analalamikia shule ya mjukuu wake. Simu hailali, alisema bibi, kila siku matangazo, mtu atayasoma yote na kuishi lini?

"Mwenzangu, mimi nilishaacha," Yudelka alisema, akigawa nywele kwa ncha ya kitana. "Siku ile ya kwanza katibu aliniuliza, mlezi wa pili ni nani? Baba yake Dariela yuko Florida na mambo yake. Nikamwambia, andika dada yangu. Barua zote mpelekee na yeye. Kukiwa na jambo la maana, ataniambia."

Nereida alikuwa ameshika kifuniko cha bakuli. "Nani?"

"Nani nini?"

"Uliyemwandika."

"Wewe, nani mwingine? Kwani mama alizaa wangapi?"

"Hukuniambia."

"Sikukwambia?" Yudelka alisimama, akajitahidi kukumbuka kwa dhati. "Lakini dada, si wewe uliyenipigia wakati ule wa theluji, watoto walipotolewa mapema? Ningemwacha mtoto pale nje agande. Nikasema moyoni, afadhali nilimwandika."

Nereida alikumbuka. Siku ile neno lilimponyoka, kisha akadanganya kwamba amelisikia kwa watu kazini. Yudelka hakujali amelisikia wapi. Na Jumapili zote zile za kujifungia bafuni, akisoma kwa kuiba, alikuwa anasoma barua zilizoandikwa jina lake.

Msidhani moyo wake uliyeyuka. Ulikasirika. Yeye aliishi kwa kuhesabu maneno na kukagua nyuso, akimwamini mtu kijiko kwa kijiko. Yudelka alisimama mbele ya meza ya katibu, akatoa imani yote mara moja, bila kuwaza, na wala haikumpungukia. Hata kumwamini mtu, Yudelka alikupata bure. Wivu ulimwasha kuliko siku ya kura, kuliko fidla. Angeweza bado kunyamaza. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi, na hakuna aliyekuwa anaitazama ila yeye.

"Yudelka," alisema. "Vua glavu."

"Kuna nini?"

"Nafasi ya Dariela ya mwaka ujao. Hujaithibitisha. Mwisho saa kumi."

"Saa kumi ya lini?"

"Ya leo."

Yudelka aliangusha kitana. Alitafuta simu kwenye mfuko wa aproni, kwenye droo, chini ya taulo. Akaipata, akaiachia alama nyeusi za rangi, akasimama akiitumbulia macho. "Wanataka nenosiri. Sina nenosiri mimi, dada, sijawahi kuingia. Mungu wangu, mtoto wangu."

Nereida alitoa simu yake. Aliifungua barua ya Jumapili, akashuka mpaka chini, akabonyeza mahali pa kuthibitisha, ambapo hakuwahi kupabonyeza kwa kuamini si pake. Ukurasa ulifunguka bila kumuuliza lolote. Mlezi: Nereida Polanco. Mtoto: Dariela. Je, mtoto wako atarudi Shule ya Mnara mwaka ujao? Chini palikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana, vya ukubwa sawa.

Yudelka alikuja nyuma yake, akaweka kidevu begani mwake kama alivyokuwa akifanya utotoni alipotaka kusomewa. Alinuka dawa ya nywele. "Bonyeza basi," alinong'ona. "Unangoja nini?"

Nereida aliona rula ikipita juu ya mkono. Aliiona waziwazi, ikienda na kurudi. Akabonyeza Ndiyo.

Yudelka alipumua, akacheka, akambusu shavuni. Akarudi kwa bibi, akaokota kitana, akakifuta. Kisha, bila kugeuka, akauliza, "Hiyo barua ilikuja lini?"

"Jumapili."

"Jumapili," Yudelka alirudia.

Macho yao yalikutana kwenye kioo. Yudelka alikuwa mzembe, hakuwa mjinga. Na jana katika saluni hii alikuwa ameulizwa swali, na alikumbuka na nani, na kwa sauti gani. Hakucheka. Kisha akalivuta bakuli, akachota kijiko kimoja cha maharage, akala akiwa amesimama.

"Matamu," alisema, akitazama chini.

Jumapili iliyofuata barua mbili zilifika, zikifuatana. Nereida alizifungua akiwa ameketi palepale, kwenye ukingo wa beseni. Ya kwanza ilimshukuru kwa kuthibitisha nafasi ya mtoto wake. Ya pili ilisikitika kumwarifu kwamba hakuna nafasi iliyofunguka katika darasa la mtoto wake, ingawa angali wa kwanza. Zote mbili zilianza kwa wapendwa. Alizisoma mpaka mwisho, na wivu ulikuwepo, haujaenda popote. Ila sasa ulikuwa umeketi pamoja na aibu, na hawakupatana.

Mlango wa nje uligongwa. Alisikia Massiel akikimbia kufungua, na sauti ya Dariela, imechoka na ngazi.

"Bakuli lenu hili. Na hii, shika. Mama kasema nikupitishie kila Jumapili, nitaichukua Jumatatu asubuhi nikienda shule."

"Fidla? Kwa nini?"

"Sijui. Kasema mama mkubwa anajua."

Nereida hakutoka. Alikaa na simu mapajani, akisikiliza zipu ya mkoba ikifunguliwa polepole, kisha kimya, ambacho lazima kilikuwa cha kufuta mikono kwenye sketi. Kisha sauti ya uzi mmoja, ndefu, iliyonyooka.

"Mama?" Massiel aliita. "Unasikia? Mbona umejifungia?"

Nereida aliinuka, akaweka mkono kwenye kitasa, akaufungua mlango.