Picha Sita za Kunyanyua

Jumapili asubuhi karani wa vifurushi alileta nyumbani mizani ya kazini, akaiweka kando ya kitanda cha mama yake, akamketisha juu yake huku amemkumbatia kiuno. Mshale ulisimama kwenye kilo sabini na moja. Miezi miwili nyuma mama alikuwa na kilo arobaini na sita, na tangu hapo hakula ila uji, tena kwa kubembelezwa. Karani hakuilaumu mizani. Alikuwa ameitumia miaka kumi na tisa na aliijua kuliko alivyowajua kaka zake.

Kaka za dada huyu mmoja walikuwa watatu, wote mbali, wote na kazi nzuri. Walikuwa hodari wa kupiga simu. Kila mmoja alipomwambia mama kwamba wiki ijayo atakuja, mama alifurahi, akaomba kitambaa chake cheupe cha kichwa kifuliwe, na uzito ukapanda kilo moja na robo. Wa kati alikuwa na desturi ya kumalizia na "Mungu akipenda," kwa hiyo ahadi yake ilikuwa nusu kilo tu. Jumamosi mama aliketishwa akitazama mlango, kitambaa kichwani, mpaka chai ya wageni ikapoa. Jumapili kitambaa kilirudi sandukuni. Uzito haukurudi ulikotoka.

Daktari alisema hali hiyo huwapata wazee wenye watoto wengi na haina vidonge. La muhimu ni mgonjwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo utafanya vidonda, na kwa umri wake vidonda vitammaliza. Akauliza kama ana watoto wengine. Karani akasema wapo, wanakuja. Daktari akaandika.

Ofisi ya vifurushi ilikuwa ng'ambo ya barabara, na mkuu wa kazi alimruhusu karani kuvuka kila saa mbili. Shida haikuwa ruhusa. Karani alikuwa na miaka arobaini na minane na mikono iliyozoea kalamu na lakiri ya kufungia vifurushi, na mama alikuwa ameanza kumshinda. Ndipo alipoanza kunyanyua vyuma, peke yake, alfajiri, uani.

Chuma chenyewe kilikuwa kipande cha bomba la maji, na kila mwisho kopo la rangi lililojazwa zege. Mwalimu wake alikuwa ukurasa wa gazeti uliofungia sahani za mtu ndani ya kifurushi. Ulionyesha picha sita: miguu iachane kadiri ya mabega, magoti yakunjwe, mgongo unyooke, pumzi itoke wakati wa kupanda. Picha za kushusha zilikuwa kwenye nusu iliyochanika. Kwa hiyo karani alijifunza kunyanyua. Akishafika juu alisimama na bomba lake mpaka mikono itetemeke, kisha akaliachia. Sakafu ya ua ilipasuka vipande vinne.

Wiki ya kwanza hakuweza kuinua mikono kuchana nywele, na jirani yake, fundi cherehani, alikuja kumchana. Alimwambia kwamba mtaa mzima sasa unaamka bila saa, na kwamba watu wameshambandika jina la Winchi. Karani akasema ni jina zuri. Siku moja alilia, ila alikuwa ameshika bomba juu, hivyo machozi aliyaacha yashuke yenyewe.

Kwa mama kushusha hakukuwa na shida. Karani alimnyanyua, akamgeuza, na mama akamshika shingo na kusema, "Shusha, mwanangu." Wakati wa kushuka alikuwa na kilo zake zile zile arobaini na sita. Akigusa godoro, nyingine zote zilirudi.

Mama alipofika kilo mia moja na tisa, karani alimpigia simu kaka mkubwa.

"Kaka, msiahidi tena. Mkiahidi ananizidi nguvu. Njoo tu, hata bila kusema."

Kaka alicheka kwa upole. Akasema mama siku zote alipenda kusikia neno zuri, na kwamba yeye Jumamosi atafika, bila kukosa. "Bila kukosa" ilikuwa kilo mbili. Karani alienda uani kuchanganya zege.

Mama alifariki Jumanne saa nne asubuhi, ana kilo mia moja thelathini na nne. Mgongo wake haukuwa na kidonda hata kimoja. Muuguzi aliyekuja aliutazama mgongo huo kwa muda, akasema hiyo ni kazi ya mtu.

Kaka zake walifika kesho yake, wote watatu, mapema. Walishika jeneza pamoja na wanaume wengine watano, halikunyanyuka. Wakasema mbao za siku hizi ni nzito. Karani akavua viatu, fundi cherehani akamshikia. Akaachanisha miguu kadiri ya mabega, akakunja magoti, akatoa pumzi, akalibeba jeneza mikononi peke yake mpaka makaburini. Watu walimpisha njia.

Kwenye ukingo wa kaburi alisimama.

"Kaka, nisaidieni," alisema. "Kushusha sijui."

Waliligusa jeneza kila mmoja upande wake, wakatazamana. Wa kati akasema dada ameshazoea, wao watamharibia tu. Kaka mkubwa alitazama saa, kwa kuwa safari yao ilikuwa ndefu, akamwekea mkono begani.

"Hatutakuacha peke yako, mdogo wangu. Mwisho wa mwezi nakuja kukuona. Bila kukosa."

Jeneza likaongezeka kilo mbili kamili. Karani hakuhitaji mizani. Akapanua miguu kidogo, akanyoosha mgongo, akasubiri aambiwe ashushe.