Zamu ya Maji ya Shangazi

Bwana Shamba alikuwa amezunguka skimu nzima ya umwagiliaji miezi miwili akihubiri habari ya kukausha majaruba ya mpunga, na watu walimsikiliza kwa adabu zote, kisha wakaenda zao kujaza maji. Aliwaeleza kwamba jaruba likifurika msimu mzima, mabaki yaliyomo kwenye udongo huoza bila hewa na kutoa gesi inayozidisha joto duniani. Likikaushwa siku chache, likaloweshwa tena, gesi hupungua karibu nusu na mavuno yanabaki yaleyale. Yote kweli tupu. Aliyekubali alikuwa mmoja tu, shangazi yake, na huyo alikubali kwa sababu ya damu, gesi aliiacha hukohuko.

"Na zamu yangu?" shangazi aliuliza siku ile akiwa ameshika jembe tayari kubomoa tuta. "Hapa ukimwaga maji, watu wanajua umemaliza, unangoja kuvuna. Kufuli ataniruka."

"Hilo niachie mimi, shangazi."

Kufuli ndiye aliyekuwa na ufunguo wa lango la mfereji, na jina hilo alipewa na watu waliowahi kumwomba maji nje ya zamu. Bwana Shamba aliiandikia ofisi ya skimu barua. Barua nzuri, aya tatu, mhuri juu yake. Laiti angeuliza! Pale zamu hailindwi kwa karatasi. Mtu husimama langoni asubuhi ya kupanga mgao, mbele ya majirani, akasema kwa mdomo wake kwamba bado anahitaji maji; shangazi hakwenda, alikwisha mwachia mpwa wake. Barua iliingia kwenye droo, ikalala usingizi wa pono.

Udongo ulikauka kama kitabu kilivyotaka. Ilibaki kulowesha Ijumaa, siku ya zamu ya shangazi, kabla mpunga haujachanua, maana mpunga unaochanua ukikosa maji hutoa mapepe, maganda yasiyo na kitu ndani. Ijumaa walifika, wakakuta maji yanateremka kwa jirani.

"Mzee wangu, shangazi bado hajamaliza," Bwana Shamba alisema, akihema.

"Niliona tuta limebomolewa, nikajua tayari."

"Niliandika barua."

"Sikuiona, baba. Haya, tuseme ningeiona." Kufuli akawaonyesha watu waliosimama kando ya mfereji na majembe yao. "Maji ndiyo haya, na yameshagawanywa. Nikurudishie wewe, nimnyang'anye nani? Chagua mwenyewe."

Bwana Shamba aliwatazama mmoja mmoja. Mpunga wao wote ulikuwa unakaribia kuchanua. Kufuli hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkata maini; angekuwa mbaya, angalau wangegombana. Zamu iliyofuata ilikuwa baada ya siku kumi na moja.

Siku ya sita alimkuta shangazi na ndoo. Kuchota kwa ndoo hakukukatazwa, kwani nani mwenye akili timamu atanywesha nusu eka kwa ndoo? Alichota mferejini, akamwaga kwenye nyufa, udongo ukameza, akarudi. Hakumlaumu mpwa wake hata kwa jicho. Afadhali angemtukana. Bwana Shamba alivua viatu, akachukua ndoo ya pili, na wakaenda na kurudi mpaka jua likawa la utosi. Palipolowa hapakutosha kutandika mkeka.

Simu yake ikalia. Ilikuwa ofisi ya kilimo iliyomtuma, ile iliyokuja kupima gesi jarubani.

"Hongera sana! Vipimo vya gesi vya jaruba lako la majaribio vimetoka, vinashinda vyote tulivyonavyo. Tuma picha basi, wakubwa wanataka kuona."

Alisema asante. Angesema nini?

"Nani huyo?" shangazi aliuliza.

"Ofisini. Wanasema gesi imepungua."

"Imepungua kweli, au wanakufurahisha tu?"

"Kweli, shangazi. Imepungua sana." Akaitua ndoo. "Nisamehe."

Shangazi aligusa suke lililokuwa limechomoza na kuanza kuwa jeupe, mapepe matupu, akaliachia. Alikuwa amechoka mno hata kukasirika.

"Basi ni vizuri," alisema, akainama kuchota tena.