Siku Kipaza Aliponyamaza

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na mtaa mzima unamwita Kipaza kwa sababu hajui kunong'ona. Akikupa siri, majirani wa ng'ambo ya barabara wanaitikia.

Jumapili ile nilifunga saluni yangu mapema. Dada mkubwa, ambaye ni muuguzi, alikuja kunifundisha kuchunguza matiti mbele ya kioo cha wateja. Mama alikuwa ameketi chini ya mashine ya kukaushia nywele, akisimamia. Yeye aliondolewa titi moja kwa saratani nikiwa bado shuleni, akapona, na tangu hapo dada hatuachi tupumue.

"Tazama kwanza," dada alisema. "Ngozi imebonyea? Chuchu imeingia ndani, au inatoa majimaji? Halafu papasa mpaka kwapani. Uvimbe mwingi si saratani, lakini ukiupata usikae nao nyumbani."

Nilikuwa najaribu juu ya fulana wakati Kipaza alipoingia na komeo jipya la mlango wangu.

"Jamani, mnakanda unga?" alinguruma. Akaja mpaka kwenye kioo akitikisa nyonga, akaingiza mkono ndani ya ovaroli. "Mwalimu, na mimi nisahihishe!"

Mama alicheka hadi machozi. Mimi nilitamani kumrushia kitana, lakini nilicheka pia.

Ghafla Kipaza akaacha kutikisika. Vidole vyake vilirudi palepale, chini ya chuchu ya kushoto, vikarudi tena. Sikuwa nimewahi kumwona kaka yangu amenyamaza, na niliogopa vibaya sana.

"Dada," alisema, kwa sauti ya watu wa kawaida. "Hapa pana nini?"

Dada alipagusa. Palikuwa na kitu kigumu kama kokwa, wala hakikumuuma. "Kina muda gani?"

"Nitajuaje? Mimi mwanamume!"

"Na titi unalo. Wanaume wanaougua ni wachache, lakini wapo. Na mama aliyeugua ametuzaa sote."

Asubuhi akaanza visingizio: mteja anasubiri geti. Hapo nilipandisha hasira. Nilimwambia nitalikalia hilo geti lake, achomelee na mimi juu yake, mpaka aende kliniki. Akaenda.

Kliniki ilijaa wanawake. Muuguzi wa zamu alipoita, "Mama anayefuata!" Kipaza alisimama wima. "Mama ndiye mimi!" Ukumbi mzima uliangua kicheko. Akapigwa picha, akatolewa kipande kidogo cha nyama kwa sindano, na siku za kusubiri majibu nilichoma nywele za wateja wawili.

Tulikwenda kusikiliza majibu sote, na mama.

"Ni saratani," daktari alisema. "Lakini ni ndogo, na haijasambaa. Tutaiondoa, tuendelee na matibabu. Mmeiwahi."

"Tumeiwahi!" Nilipiga kelele nikamrukia dada, tukazungushana kati ya meza na kitanda, tukilia na kucheka. Daktari alitutazama kama watu waliopungukiwa akili.

Mama hakuruka. Aliuchukua mkono mkubwa wa Kipaza, wenye makovu ya cheche, akauweka kifuani pake, upande ulio bapa.

"Miaka yote hii nawauliza wasichana wangu," alisema. "Wewe sikukuuliza hata siku moja."

Kipaza aliinama mpaka kwenye sikio lake, akanong'ona.

"Niulize sasa, mama. Bado nipo."