Kisikizi cha Kushoto

Kila asubuhi, treni ya wafanyakazi ya saa kumi na mbili kasorobo ilipofunga milango, mpiga pasi alitoa simu kwenye mfuko wa shati, akaufumua waya wa visikizi, akampa mkewe kisikizi cha kushoto na yeye akatia cha kulia. Waya ulikuwa mfupi. Iliwabidi wakae mabega yakigusana, na abiria waliowazoea walisema hayo ndiyo mapenzi ya uzeeni. Yalikuwa mapenzi, lakini pia waya ulikuwa mfupi.

Wote wawili walifanya kazi katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali, vituo kumi na kimoja kutoka nyumbani. Mume alisimama kwenye mashine ya kunyoosha, akiingiza shuka lenye unyevu upande huu na kulipokea kavu upande ule. Mke alikuwa chumba cha kuchambulia, ambako mashuka machafu yalifika kwenye mifuko naye akayatenga: ya damu huku, ya kawaida kule, ya wodi ya watoto peke yake. Mwaka huo walikuwa wakisikiliza riwaya ya sura sitini na mbili, juu ya mwanamke mpima ardhi aliyetumwa kuutafuta mto uliohama. Sharti lao lilikuwa moja, hakuna kumtangulia mwenzako. Kusikiliza mbele peke yako walikuita kula kwa kujificha. Kwa hiyo kazini, mashine zikinguruma, mume alirudia sura zilezile za asubuhi, ili jioni aweze kumweleza mkewe pale aliposinzia.

Wafanyakazi wenzake walimwita mke Mama Sura, kwa sababu kila wakati wa chakula aliwasimulia sura waliyofikia. Wageni kiwandani walidhani anasifiwa uzuri, naye hakujisumbua kuwasahihisha.

Jumanne moja, siku waliyomaliza sura ya thelathini na nne, pipa la dawa ya kung'arishia nguo lilipasuka karibu na mlango wa mbele wa chumba cha kuchambulia. Moshi wake ulianza kujaa upande huo. Mama Sura akakimbilia mlango wa nyuma, unaotokea uani. Mlango huo ulikuwa umetiwa kufuli kwa nje tangu mwezi uliotangulia, mashuka kadhaa yalipopotea. Ufunguo alikuwa nao mlinzi, na mlinzi alikuwa ametumwa dukani na meneja. Moshi ulipotulia walimtoa kwa mlango wa mbele. Taarifa ya kiwanda ilikuwa nusu ukurasa. Ilisema marehemu alichelewa kutoka.

Mpiga pasi alipewa siku tano za msiba. Siku ya sita akapanda treni, akaketi mahali pake, akatia kisikizi cha kulia. Cha kushoto kikawa kinaning'inia na kugongagonga kifungo cha shati. Alipochoka na mlio huo akakitia nacho sikioni. Kulia, msomaji alikuwa ameanza sura ya thelathini na tano, mpima ardhi akimhoji mchimba visima. Kushoto kulikuwa na mifuko ikiburutwa sakafuni, kikohozi, halafu sauti ya mkewe.

"Rudisha nyuma kidogo. Sikusikia huyo mchimba visima alivyojibu."

Akarudisha. Wakasikiliza mpaka kituo cha nne.

"Uko wapi?" akamuuliza.

"Kazini. Niwe wapi tena?"

"Mbona hukutoka?"

"Mbele kuna moshi. Nyuma kumefungwa. Nimegonga mpaka mkono umekufa ganzi, sasa nagonga kwa kiwiko."

Mzee aliyeketi jirani, ambaye alikuwa amesafiri nao miaka sita, akainua macho. "Huyo ni mama watoto?"

"Ndiye."

"Msalimie."

Mpiga pasi akafikisha salamu. Mkewe akasema ameziitikia, na mzee akumbushwe kurudisha mwavuli.

Kiwandani, msimamizi wa zamu alikuwa mtu wa haki kwa kadiri kazi yake ilivyomruhusu. Alikitia kisikizi sikioni, akafumba macho, akasikiliza. "Ni yeye," akasema. "Hicho kikohozi nakijua." Kisha akampeleka chumba cha kuchambulia. Mikokoteni minne ilikuwa tayari, ya damu huku, ya kawaida kule, ya watoto peke yake. Imekuwa hivyo kila siku tangu mazishi, msimamizi akaeleza. Hakuna aliyeuliza, maana kazi ikienda, haiulizwi inaendeshwa na nani.

"Sisi tulidhani ni zamu nyingine," akasema. Kiwanda kilikuwa na zamu moja tu.

"Basi naomba mumfungulie mlango wa nyuma, aende nyumbani."

Msimamizi akafunua daftari la mahudhurio. "Mzee wangu, tazama mwenyewe. Aliingia Jumanne, saa moja kasoro dakika tano. Hapa pa kutoka hajasaini. Mtu ambaye hajatoka kazini, mimi nimfungulie kwa kibali cha nani?"

"Atasaini vipi na amefungiwa?"

"Hilo swali zuri," msimamizi akakubali. "Litaandikwa."

Tangu siku hiyo alimwekea Mama Sura alama ya kuhudhuria kwa kalamu ya buluu, kama wengine wote. Nafasi yake haikutangazwa.

Sauti ilipatikana kwenye treni ya wafanyakazi na kiwandani tu. Nyumbani kisikizi cha kushoto kilikuwa kimya kama cha duka, kwa kuwa mwenyewe hakuwa nyumbani. Jioni mpiga pasi alipika chakula cha mtu mmoja, akakosea kipimo, akala viporo asubuhi. Alianza kuchukia Jumapili. Alikaa kitandani amevaa viatu, akingoja Jumatatu, na alijua kwamba mtu anayeingoja Jumatatu namna hiyo hali yake si nzuri.

Binti yao, mwalimu wa chekechea, aliomba ruhusa siku moja akapanda treni na baba yake. Mkagua vitambulisho akamwachia kwa sababu ya msiba. Binti akatia kisikizi. Mama akamuuliza kama mtoto wake ameshaota meno. Akajibu ameota mawili, ya chini. Mama akasema basi asimpe vitu vigumu, akaendelea na kazi yake. Binti akamrudishia baba kisikizi, akatazama nje kwa vituo viwili.

"Baba, si ulikuwa ustaafu mwisho wa mwaka huu?"

"Nilikuwa."

"Ukistaafu wanachukua kitambulisho. Na hii treni hupandi tena."

"Ndiyo hivyo."

"Kwa hiyo utafanyaje?"

"Nimeshaandika barua ya kuomba waniongezee."

"Mgongo wako, baba."

"Mgongo upo," akasema, kama kwamba ndilo jibu.

Wiki ya tatu akaja mkaguzi wa kazi kutoka serikalini, mama mmoja makini mwenye mkoba wa ngozi. Alipewa kiti na visikizi vyote viwili. Alisikiliza sura ya arobaini na moja yote, na mahali fulani akatabasamu. Kisha akafungua fomu.

"Mama, siku ya tukio mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa?"

"Umefungwa hata sasa," Mama Sura akajibu. "Sogea uusikilize." Akagonga mara tatu.

Mkaguzi akaandika. Akaandika kwa mwandiko mzuri, bila kuacha neno. Fomu ilipojaa akasema sheria inataka malalamiko ya namna hii yawe na alama ya dole gumba la mlalamikaji mwenyewe. Wakangoja kidogo, wote watatu, yeye na mpiga pasi na msimamizi, wakilitazama lile duara tupu chini ya karatasi. Baada ya hapo mkaguzi akaikunja fomu, akaagiza mlango wa nyuma uwekewe kibao. Kibao kililetwa Ijumaa. Kilikuwa chekundu, kimeandikwa NJIA YA DHARURA, na herufi zake zilisomeka hata kutoka mbali. Kufuli lilibaki chini yake.

Mpiga pasi akamwendea mlinzi. Hakumwendea kwa hasira, kwa kuwa hasira alishaitafuta akaikosa. Alimkuta uani akipangusa baiskeli yake.

"Mdogo wangu, nipe ule ufunguo dakika tano tu."

Mlinzi akaendelea kupangusa. "Unataka nifukuzwe."

"Sitaki."

"Siku ile nilitumwa, mzee. Nilitumwa betri za saa ya ukutani ya meneja. Nikirudi nasikia kelele, nikadhani watu wanafukuza panya." Akakikunja kitambaa chake. "Mkeo anasema nini kuhusu mimi?"

"Hajakutaja."

Jambo hilo lilimuumiza mlinzi kuliko kama angetajwa. Akautoa ufunguo kwenye kamba yake ya shingoni, akampa mpiga pasi, akageuka na kutazama geti.

Kufuli lilikuwa jipya, likafunguka bila ubishi. Mpiga pasi akauvuta mlango mpaka ukagusa ukuta. Jua likaingia chumbani, likaangukia mifuko na sakafu yenye majimaji. Hewa safi ikapita katikati, kutoka mlango wa nyuma hadi wa mbele, kama ambavyo ingepita siku ile.

"Nimefungua," akamwambia mkewe. "Toka."

Mifuko iliacha kuburutwa. Alisikia pumzi zake zikikaribia, kisha kitasa kikitikiswa, kikatikiswa tena, ingawa kitasa kilichokuwa mbele ya macho yake kilitulia.

"Kimeshika vilevile," mkewe akasema.

"Mlango uko wazi. Nimesimama hapa mlangoni."

"Huo ni mlango wa leo, mume wangu. Mimi niko kwenye ule wa Jumanne."

Mpiga pasi akabaki pale kizingitini. Alielewa kwamba amekuja na ufunguo wenyewe, mahali penyewe, na kwamba havimsaidii mtu. Alijaribu kulia, ikatoka pumzi tu. Zilipotimia dakika tano mlinzi akakohoa kwa adabu. Mlango ukafungwa, kufuli likarudi mahali pake, ufunguo ukarudi shingoni.

Barua ya kuongezewa muda ilijibiwa upesi. Uongozi ulimpongeza mpiga pasi kwa moyo wake wa kazi. Riwaya ikaisha; mto ulipatikana, ukiwa umekauka. Wakaanza kitabu kingine, juu ya ndugu wawili wanaogombea kisima, na mkewe akasema msomaji wa hiki anaharakisha mno. Alikuwa anachoka. Siku nyingine alipitisha vituo vitano bila neno, ila kiwiko kikigonga mbao.

Mwaka ulipogeuka kiwanda kikapata hospitali ya pili. Mashuka yakaongezeka maradufu na Mama Sura hakuyaweza peke yake. Mikokoteni ikaanza kutoka nusu, ya watoto imechanganyika na ya damu. Msimamizi akamwandikia onyo la kwanza, akalisoma kwa sauti kwenye kisikizi ili lihesabike kuwa limepokelewa. Halafu akaajiriwa mwanamke mwingine, kijana, aliyekuja na kanga yake ya kujifunga kiunoni na chakula kwenye mkebe.

"Mwambie asikae karibu na mapipa," Mama Sura akasema asubuhi hiyo.

Mpiga pasi akaiacha mashine, akamfuata yule mchambuaji mpya kabla hajaingia. "Binti yangu, meza yako isogeze mbali na mapipa."

"Nimeomba, mzee. Wameniambia waya wa taa haufiki."

"Na mlango wa nyuma una kufuli."

"Lakini nimeona kibao cha dharura."

"Kibao kipo. Na kufuli lipo."

Yule mwanamke akalifikiria hilo. Nyuma yake msimamizi alikuwa ameshika daftari, akimwonyesha pa kusaini. "Nina watoto wawili, mzee," akasema taratibu, akasaini, akaingia.

Mpiga pasi akarudi kwenye mashine, akaingiza shuka la kwanza.

"Ameingia," mkewe akasema sikioni.

"Nimemwambia kuhusu mapipa."

"Nimekusikia. Umefanya lako." Akakohoa kwa muda mrefu. "Nimesogea kidogo hapa mlangoni. Patamtosha."