Mvule wa Hesbon

Mume wangu Hesbon Walubengo alikuwa akikoroma kabla sijamjua, na ukoo wake wote ulijivunia jambo hilo. Kwao Myanga, kukoroma ni ushahidi wa mwanamume aliyeshiba. Baba yao alikoroma hadi majirani wakamsikia, na asubuhi moja hakuamka, akiwa bado na nguvu za kulima. Mpaka leo wanasimulia kwa fahari kwamba mzee alilala vizuri.

Mimi ndiye niliyekuwa nikilala na mwana wa huyo mzee, kwa hiyo sifa hizo hazinidanganyi. Hesbon alikuwa anakoroma, kisha ananyamaza. Ananyamaza kabisa, kifua kikihangaika kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa nje, halafu anashtuka kwa kishindo na kuanza upya. Mchana alikuwa akisinzia popote, hata kanisani, hata akiwa na kijiko mkononi. Nilimwita gunia. Nilimwita mengine pia, na kila moja lilimfaa.

Alikuwa dereva wa lori la mahindi la Kipketer, mkulima tajiri wa huku Kitale. Mwaka wa 2006, akiwa kwenye foleni ya kushusha mahindi, alilala injini ikinguruma. Lori likajiendea lenyewe taratibu, likang'oa nguzo ya lango. Hakuumia mtu. Kipketer alikuja kwetu jioni hiyo, akakataa kuketi.

"Hesbon, wewe ni dereva mzuri, lakini umelala kwa usukani. Enda hospitali, ama uniachie funguo."

Daktari wa Eldoret alitueleza bila kutupaka mafuta. Koo la Hesbon linajifunga akilala, hewa haipiti, na moyo unachoka kwa kushtuliwa usiku kucha. Siku moja utakataa. Dawa yake ni mashine ya kumsukumia hewa puani, na ataivaa kila anapolala maisha yake yote. Kipketer ana binti anayeitwa Chepkirui, muuguzi ng'ambo, naye akaitafuta hiyo mashine na kuituma ndani ya sanduku la nguo.

Kilikuwa kisanduku cha ukubwa wa redio, chenye bomba kama la kukamulia ng'ombe na barakoa ya mpira yenye mikanda ya kufunga nyuma ya kichwa. Mara ya kwanza alipoivaa nilicheka hadi nikatoka chumbani. Yeye hakucheka. Aliing'oa akitweta na kusema inamzamisha. Aliirudia, akaing'oa tena. Asubuhi mdomo ulikuwa umekauka, na mashavuni ana mistari miwili myekundu ya mikanda. Wapakiaji wa magunia walipoiona hiyo mistari hawakumhurumia.

"Niaje Hesbon? Ati siku hizi mama anakufunga kamba ndio usitoroke?"

Hesbon alitaka kuirudisha. Nilimwambia akiirudisha na mimi nirudishwe kwetu Tongaren, kwa sababu sitaki kuamka kando ya maiti. Daktari alipopigiwa simu alitupa mbinu: aivae mchana akiwa macho, ameketi, anatazama televisheni, mpaka pua izoee. Basi kila Jumapili baada ya kanisa Hesbon alikaa sebuleni na bomba lake, akitazama mieleka. Na pua ikazoea. Asubuhi moja aliamka kabla yangu, akawasha jiko, akaniambia ameota. Alikuwa hajaota ndoto tangu tuoane. Nilimtazama akinywa chai, macho meupe, na moyo wangu ukajaa furaha mpaka nikamkaripia kwa kumwaga sukari, maana sikujua niseme nini kingine.

Jumapili iliyofuata, mdogo wake Jotham alitutembelea kutoka Myanga na kuku kwapani. Mlango ulikuwa wazi. Alimkuta kaka yake kwenye kochi, barakoa usoni, bomba kifuani, mashine ikivuma. Hesbon alitaka kumsalimia, lakini ukifungua mdomo na ile hewa inasukuma, maneno hayatoki, unatoka upepo tu. Akapunga mkono, akatoa upepo. Jotham alimwachilia kuku, akashika kichwa.

"Shemeji, usishtuke," nikasema. "Hiyo ni mashine ya kulala tu."

"Ya kulala? Si ako macho?"

Hapo maelezo yangu yote yakaanguka. Hesbon alipomaliza kufungua mikanda, Jotham alikuwa keshaanza kulia, na kila tulichomwambia alikipokea kwa kutikisa kichwa, kama mtu anayewaruhusu wagonjwa waongope. Miaka ile, mtu akionekana na bomba puani, watu hawakuuliza anaumwa nini. Walijua ni ukimwi, au walidhani wanajua. Nilimwonyesha tumbo la mume wangu, nikamwambia mgonjwa wa ile kitu hukonda. Jotham akanijibu kwa huruma kwamba hajanona, amefura, maji yameshaingia. Aliondoka bila kunywa chai. Kuku ndiye aliyebaki.

Mwezi wa Desemba tukaitwa nyumbani. Hesbon alibeba mashine, betri ya lori, na kile kidude cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, maana Myanga kwao stima haikuwa imefika. Alipakia huku akipiga mluzi. Alikuwa na hamu ya kuwaonyesha watu wake jinsi alivyopona.

Langoni kwake palikuwa na mvule. Mti huo baba yake alimpa siku aliyotahiriwa, na Hesbon hakuwahi kuruhusu hata tawi likatwe kuni. Tulikuta kisiki.

Mbao zilikuwa kwenye ghala la mahindi, zimepangwa vizuri na kufunikwa nailoni. Jotham ndiye aliyetupeleka kuziona. Hakuwa na aibu hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Alipapasa ubao mmoja kama mtu anayepapasa ndama.

"Mbao mbichi inapasuka, bana. Ilibidi tukate mapema, ikauke pole pole. Hatukutaka ulale kwa sanduku ya kupasuka, kaka. Wewe ni mtu mkubwa." Kisha akanigeukia. "Na wewe Mama Nekesa usiogope. Mimi niko. Watoto wa kaka ni watoto wangu."

Mkewe Rispah alikuwa kando yetu, akitazama chini. Nilimwambia Jotham kwamba suruali aliyovaa imeshonwa na mkewe mara nyingi kuliko mkeka wa kanisa, sasa akinirithi, hao wake wawili atawavisha nini? Nilisema na mengine ambayo hayafai kuandikwa. Hesbon alitoka ghalani akaenda kusimama kwenye kisiki chake, na niliporudi kumtazama alikuwa anafuta uso kwa kofia.

Mchana tulikula. Ukoo ulikuwa umejaa uani, na shangazi yao Nangila, dada ya marehemu baba yao, ndiye aliyekuwa na kiti chenye mto. Hesbon aliwaeleza taratibu kila kitu: koo, hewa, moyo. Walimsikiliza kwa adabu.

"Kwa hivyo ukirala unakufa," shangazi akasema, "halafu hiyo kitu inakufufua?"

"Hapana, shangazi. Inanisaidia kupumua."

"Sisi wote tunapumua. Nani anatusaidia?"

Watu wakacheka. Hesbon naye akajaribu kucheka.

Muda si muda, kwa ugali na kuku wa kushiba, Jotham akalala kitini, kichwa nyuma, mdomo wazi. Akaanza kukoroma. Wazee wakatazamana wakitabasamu, na mmoja akasema huyo ni baba mtupu. Kisha mkoromo ukakatika. Kifua cha Jotham kikawa kinasukuma na hakuna kinachoingia. Hakuna aliyeshtuka ila mimi na Hesbon. Mimi niliujua ukimya huo. Hesbon alikuwa hajawahi kuuona, maana mtu hajioni akilala. Alimkodolea mdogo wake macho mpaka Jotham aliposhtuka, akameza hewa, akaendelea.

"Phelista," akaniambia kwa sauti ndogo, "mimi niko hivyo?"

"Uko hivyo."

Aliinuka. Alileta betri na mashine akaviweka kando ya kiti cha Jotham, akaunganisha nyaya. Nilimwambia amwamshe kwanza. Hakunisikia, au alidhani mdogo wake akionja hewa ile kidogo tu ataelewa kila kitu bila maneno. Alipiga magoti mbele ya ukoo wote, akamwekea Jotham barakoa usoni, mkono mmoja umeshika kisogo chake kwa upole kama anamwosha mtoto.

Jotham aliamka na mpira puani na upepo ukimjaa kooni. Alipiga kelele ndani ya barakoa. Alimtandika Hesbon ngumi ya mdomo, akaitupa ile barakoa mavumbini, akasimama.

"Unataka kunipea ugonjwa yako? Mbele ya watu?"

"Jotham, wewe pia uko nayo. Twende Eldoret, nitakupeleka mimi. Baba alikufa nayo!"

"Baba alilala vizuri!"

Hilo la baba ndilo waliloshindwa kumsamehe. Tuliondoka siku hiyo hiyo, Hesbon akiwa na mdomo uliovimba. Njia nzima hadi Kitale alirudia kwamba atamwendea Jotham tena, hasira zikipoa. Alimpigia simu, haikupokewa. Nilizungumza na Rispah, akaniambia Jotham amesema hataki kufungwa hatamu kama punda wa maji.

Mwezi wa Machi, watu wakipanda mahindi, Rispah aliamka akamkuta mumewe amepoa.

Tulifika Myanga mchana kwa lori la Kipketer. Seremala alikuwa uani akipiga randa mbao za mvule, zikiwa zimekauka vizuri, hakuna hata moja iliyopasuka. Hesbon alinyoosha mkono kwa wazee, na mkono ule ukabaki hewani. Usiku ule wa matanga alilala ndani ya lori na mashine yake. Hata mimi nikaona aibu kidogo ile mashine ilipovuma wakati wengine wanaomboleza.

Siku ya mazishi, jeneza likiwa limeshateremshwa kaburini, shangazi Nangila alisimama kabla udongo haujatupwa.

"Mbao hizi zirikuwa za nani?" akauliza. Kila mtu alijua. "Kifo iliitwa ije ichukue Hesbon. Ikakuja. Hesbon akaivua kwa uso yake, akamvalisha mdogo wake, na sisi wote tulikuwa tunaona. Sasa irudi na mwenye iko naye. Hiyo mashine iingie hapo."

Nilicheka. Naapa nilicheka, maana niliamini mume wangu hawezi kuwa mjinga kiasi hicho. Nilianza kuwaambia kilichomuua Jotham ni ubishi, na kwamba huyo shangazi yao ana akili za kuku wa kienyeji. Ndipo Rispah alipokuja, akapiga magoti mbele ya Hesbon.

"Baba Nekesa, nisaidie. Niko na watoto. Hiyo kitu ikibaki juu, itarudi kwa nani? Si kwa watoto wa Jotham?"

Hesbon alimtazama, kisha akatazama kaburini. Wawili hao walilala kitanda kimoja tangu utotoni mpaka walipotahiriwa. Niliona usoni mwake kwamba daktari wa Eldoret ameshapotea kabisa kichwani mwake, amebaki Jotham akipiga kelele ndani ya barakoa. Alikwenda kwenye lori. Nilimfuata nikashika bomba, tukalivuta huku na huku, mimi nikimtukana, yeye akilia kimya. Wanawake watatu wakanikamata kwa nyuma. Mmoja aliniziba mdomo kwa leso.

Aliishusha mwenyewe, taratibu, juu ya jeneza, kana kwamba inaweza kuvunjika. Kisha wakamruhusu kutupa udongo, na wazee wakampa mkono.

Jioni seremala alitaka kuondoka na mbao zilizobaki. Shangazi Nangila akamzuia.

"Wacha hizo. Hesbon ni mtu mkubwa, zitaenda nyingi."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, huku akitafuta nailoni ya kuzifunikia.

Kipketer hakuhitaji kuambiwa. Alimtazama Hesbon mashavuni, akaona ile mistari ya mikanda imefutika, akanyoosha kiganja. Hesbon akaweka funguo juu yake. Kumwomba Chepkirui mashine nyingine hawezi, anasema atamwambia nini kuhusu ile ya kwanza. Mimi niliomba kwa niaba yake, nikajibiwa kwamba zawadi haizikwi.

Sasa silali. Usiku namsikiliza, akinyamaza nampiga kiwiko cha mbavu, anashtuka, anaanza upya. Ananilaumu kwamba namuumiza. Mbavu zake zimekuwa za bluu na mimi nimekuwa na macho kama ya mlevi, na juzi nilisinzia sokoni juu ya nyanya zangu.

Jana mchana shangazi Nangila alipiga simu kutusalimia. Aliniambia mvua imeanza, wamezihamisha zile mbao mahali pakavu. Kisha akauliza Hesbon analala aje siku hizi.

"Anakoroma," nikasema.

"Kama baba yake?"

"Kama baba yake."

"Bwana asifiwe," akasema, na nilisikia kweli amefurahi. "Basi amepona."

Nilikata simu nikarudi sebuleni. Hesbon alikuwa kwenye kochi mbele ya mieleka yake, kidevu kifuani, kimya. Nikaenda kumpiga kiwiko.