Majina Arobaini

Mwaka 2002 maktaba yetu ya Muleba ilipata kompyuta mpya tatu, nami nilinuna tangu zilipoteremshwa kwenye gari. Nilikuwa mkutubi hapo miaka kumi na minne, na sikupenda mtu wa Bukoba aje kunipangia kazi.

Mtu huyo alikuwa fundi Gamaliel, mpole kupita kiasi. Alinieleza kwamba ile programu ya hesabu ya watoto, inayomwita kila mtoto kwa jina na kukumbuka amefika hatua ya ngapi, haiwezi kufanya kazi kwenye mashine mpya bila toleo jipya. Toleo jipya linabeba majina arobaini tu. Sisi tulikuwa na hamsini na mawili, na kompyuta za zamani zilikuwa zinarudi Bukoba jioni hiyo kufutwa.

"Ma Petronila, tutoe kumi na mawili," alisema. "Tuanze na wasiokuja."

"Soma."

Akasoma. Buberwa. Amefariki, nikasema, mwache. Benigna. Amefariki, mwache. Protase yuko sekondari Kashozi, mtoe.

"Ma, unatoa wazima unaacha marehemu?"

"Wazima wanaitwa majina yao kila asubuhi. Hawa wataitwa wapi tena?"

Hakubisha. Miaka ile ugonjwa ulikuwa umeacha makaburi mabichi kwenye migomba ya kila familia, ya kwake pia.

Tukafika kwa Mutembei, mjukuu wangu. Nilimzika Januari 2000, akiwa na miaka tisa, miezi minne baada ya mama yake, binti yangu Rozi. Aliishia hatua ya saba. Najua, maana hata kitandani alikuwa ananiuliza lini atarudi kuimaliza.

"Huyu anakuja," alisema Gamaliel. "Yuko hatua ya kumi na tisa. Mara ya mwisho ni Jumamosi."

Nikasogea nikasoma mwenyewe. Jumamosi, saa nne asubuhi. Jumamosi iliyotangulia, saa nne asubuhi. Niliogopa, sikatai. Niligeuka kukitazama kiti cha kompyuta aliyozoea kuitumia Mutembei, kitupu mchana kweupe, na sikutaka kukikaribia.

"Ni mimi, Bibi."

Alikuwa Joviana, dada yake Mutembei, wa miaka kumi na mmoja, amesimama kando ya rafu za vitabu. Nilimuuliza kwa ukali kwa nini anatumia jina la marehemu wakati ana lake.

"Humo sina," alijibu. Kweli, kwenye orodha nzima hapakuwa na Joviana. "Ulituambia jina likikaa miezi mitatu bila kutumika unalifuta."

Nilisema hivyo. Nilibandika hata karatasi mlangoni, ili watoto wasiache kuja. Sikuwahi kufuta hata jina moja.

"Halafu yeye hana omusika," akaongeza.

Kwetu mtu mzima akifa, mrithi wake, omusika, hukalishwa kwenye kiti chake mbele ya ukoo. Mtoto hawekewi mrithi. Anazikwa, watu wanaondoka. Joviana alijikalisha mwenyewe, miaka miwili na nusu, bila kufanya hesabu hata moja kwa jina lake.

Nililia mbele ya fundi wala sikuona aibu. Kisha nikamwambia amtoe pia Nathanieli aliyehamia Mwanza, amwandike Joviana, hatua ya kwanza.

Mtoto hakusogea. "Nikiwa Joviana, nani atamfanyia Mutembei?"

"Mimi."

Akanitazama kwa mashaka, maana hesabu zangu anazijua. Gamaliel alipomaliza kuhamisha majina akawasha mashine mpya, nikakaa, nikachagua jina la mjukuu wangu. Likaja swali la sehemu, mbili ya saba kujumlisha moja ya tatu. Nikaandika jibu kwa kidole kimoja, Joviana akipumua begani kwangu. Nilikosea.

"Jaribu tena, Mutembei," mashine ikaandika.

Nikaitika.